Mpini wa Twiga

Simu ya Anitha ilinikuta barazani nachambua mlenda. "Bi Damari, shikamoo." Nikamwitikia marahaba, kisha akanyamaza, nami nikaweka ungo chini, maana anayeleta habari ya msiba huvuta pumzi kwanza. Baba yake, mhandisi Kikoti, alikuwa amefariki alfajiri. Nikasema pole mwanangu, pole sana. Ndipo akasema kuna agizo. "Alisema wasifu wake usomwe mfupi, watu wasichoke na jua. Halafu akasema, 'Mleteni Mgogo wangu aje aniharibie mazishi.'" Nilicheka, jamani. Nilicheka huku machozi yananitiririka mpaka mjukuu wangu akatoka ndani kuangalia kama nina akili zangu. Kikoti alikuwa Mhehe, mimi Mgogo, na Mhehe akifa bila mtani wa kumtania jenezani, watu wataulizana aliishi na nani miaka yote hiyo.

Siku mbili hizo kabla ya mazishi sikuwaza ugonjwa wake wala uzee wetu. Nilikuwa nawaza mwaka mmoja tu, mwaka wa kwanza niliofanya kazi katika karakana yake pale Makole, nikiwa msichana niliyemaliza kidato cha nne na kujiona najua kila kitu. Nilikozaliwa na aliyenisomesha, hayo yana wenyewe na watayasimulia wakipenda. Mimi nataka kusimulia mashine ya alizeti, na jinsi watu wema walivyokaribia kuiua kwa kuisifu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Waliokuwa wakubwa wakati huo wanakumbuka: jana yake mlipanga foleni ya sabuni na mafuta ya kula, leo maduka yamejaa vitu vya kila rangi, mitumba imetandazwa hadi njiani, na kila mtu anauza kitu. Karakana nyingi zilizozoea kulelewa zilianza kufungwa moja moja. Ya Kikoti ilikuwa bado inapumua. Nilifika asubuhi nikasimama mlangoni, sijui niingie au nibishe hodi tena, maana nyundo zilikuwa zinapigwa ndani na hakuna aliyenisikia. Nyuma yangu akatokea mtu mrefu, mwembamba, kabeba bomba la chuma begani. Nikamwamkia. Akaisikiliza lafudhi yangu, akasema, "Ondoka njiani, Mgogo, kazi ipite. Huku hatugawi, tunafanya kazi." Lafudhi yake nayo nilikwisha kuisikia. Nikamjibu, "Kumbe ni Mhehe! Ndiyo maana tangu nishuke sijaona mbwa hata mmoja mtaa huu." Nyundo zikanyamaza. Mafundi walitazamana: Mgogo hutaniwa ombaomba, Mhehe mla mbwa, lakini si mlangoni kwa mwajiri. Yeye akalishusha bomba taratibu, akaegemea ukuta, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye grisi, akabaki na alama nyeusi shavuni. "Umepata kazi," akasema. Nami nilikuwa sijamwambia kwamba nimekuja kutafuta kazi.

Kazi yenyewe hakuna aliyekuwa ameisikia Dodoma. Kikoti alikuwa amebuni mashine ya mkono ya kukamua mafuta ya alizeti, ili akina mama vijijini wakamue wenyewe badala ya kuuza mbegu kwa bei ya kutupa. Ilikuwa na bakuli la mbegu juu, silinda tumboni, na mpini mrefu wa chuma wa kupandisha na kushusha. Wafadhili walikuwa wamekubali kugharimia kalibu, yaani yale maumbo ambamo chuma kilichoyeyushwa humiminwa, kwa sharti kwamba mashine ijaribiwe kwanza na watu wenyewe watakaoitumia. Kikoti alinieleza mara moja, akahakikisha nimeelewa. "Tukishamimina chuma, Mgogo, basi. Kosa litakalokuwemo tutalizaa mara mia. Wateja watarudisha mashine, wafadhili wataondoka, na hawa wote unaowaona humu watarudi kwao." Akawazungushia mkono mafundi wake, walioinama kazini wakijifanya hawasikii. Kumimina kulipangwa mwisho wa kiangazi. Mpaka hapo, kazi yangu ilikuwa moja: kwenda vijijini, kuwapa watu mashine, na kuona wapi inawashinda.

Alikuwa amesoma nje kidogo na akarudi na masharti ya majaribio, akayafanya amri za Mungu. Mpe mtu kazi kamili ya kufanya, usimpe maelezo: "Hii alizeti, hii mashine, tupatie mafuta ya kuungia mboga." Kisha kaa. Usisaidie. Usiseme. Tazama tu. Mwombe aseme kwa sauti anachokiwaza. Na ukiandika, andika mikono, usiandike midomo. Tulifanya mazoezi karakanani, mafundi wakijifanya akina mama wa kijijini, wanabana sauti na kulalamikia waume zao, mpaka Kikoti akawatoa nje. Jioni nilirudi kwenye chumba changu kwa Bi Zuhura, mtaa huohuo wa Makole, chumba cha dirisha moja kilichonukia karafuu na mafuta ya taa. Bi Zuhura alikuwa mwanamke wa mjini hasa, Mwislamu, babu zake walikuja na misafara wakabaki. Alikuwa na biashara ya chapati na maharage, na ulimi. Nilipomweleza kazi yangu akashika kiuno. "Yaani unalipwa ukae umtazame mtu anateseka?" Nikasema ndiyo, kwa ajili ya utafiti. "Haya," akasema, akanisogezea sahani. "Na mimi nitazame nikisonga ugali, labda nitalipwa."

Safari ya kwanza ya maana ilikuwa Busi, huko Kondoa. Tulipokewa na Mama Salimu, kiongozi wa kikundi cha akina mama, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini iliyotosha kunyamazisha ua mzima. Mashine ikawekwa uani kwake, pamefagiwa hadi alama za ufagio zinaonekana, na viti vya wageni vikapangwa kivulini. Kikoti akatambulishwa kama mhandisi mkuu, mgeni wetu mheshimiwa. Akaja binti mmoja mwenye mabega ya kubeba gunia, akajifunga kanga kibwebwe, akakamua. Mafuta yakatoka. Akaja mwingine kama yeye, mafuta yakatoka. Nilipowaomba waseme wanachowaza, walitazamana, wakanitazama, mmoja akasema, "Tunawaza mashine ni nzuri sana. Tunashukuru." Nikamwambia aendelee kuwaza kwa sauti. Akasema kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa, "Dada, kwetu anayesema peke yake tunampeleka kwa shehe asomewe."

Kisha Mama Salimu mwenyewe akainuka, ili kutuheshimu. Akapandisha mpini, ukafika juu kabisa, akabaki ananing'inia kwa ncha za vidole, kanga imelegea, anaushikilia mpini kwa mkono mmoja na kanga kwa mwingine. Mpini haukushuka. Mimi nimekaa kitini na kalamu yangu. Usisaidie, usiseme, tazama tu. Ua wote ulikuwa haumtazami tena Mama Salimu, unanitazama mimi. Nikamsikia bibi mmoja nyuma yangu anamwuliza mwenzake, kwa Kiswahili, ili nisikie vizuri, "Huyu binti kafiwa na mama yake akiwa mdogo, au?" Mungu wangu, nilihisi masikio yanawaka. Mtu mzima anahangaika na mzigo mbele yako, na wewe kijana umekaa unaandika! Nikatupa kalamu, nikaruka, nikaushika mpini, tukaushusha pamoja. Watu wakapumua. Kikoti akakohoa kikohozi kirefu.

Ndani ya Landrova akasema, "Umeliharibu jaribio." Nikamwambia, "Jaribio lako lingeniharibia jina. Na nyinyi Wahehe mkiona mama anazidiwa na kuni mnakaa kitako mnamwandika?" Tulipofika barabara kuu akacheka kidogo. Lakini machoni pake nilimwona ameshiba: mabinti wale wawili walikuwa wamekamua vizuri, na sifa alizozisikia zilikuwa nyingi. Tuliwaachia mashine waitumie, tukaahidi kurudi.

Tuliporudi ilikuwa imepita miezi. Safari hii hatukuikuta mashine uani. Ilikuwa sebuleni kwa Mama Salimu, kwenye kona ya heshima, imefunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa maua, safi kuliko tulivyoiacha. Tukakaribishwa chakula kwenye mkeka: ugali wa uwele, mlenda wa karanga, na kuku aliyeungwa akakolea mafuta. Kikoti alilichovya tonge, akafumba macho. "Mafuta ya mashine yetu," akasema. Mama Salimu akatabasamu akamwongezea paja. Mimi nilinusa. Alizeti ya kukamuliwa kwa mkono ina harufu yake, nzito, ya mbegu iliyoota jua, na mafuta yale hayakuwa na harufu yoyote. Nikaomba kwenda kunawa. Mlango wa jiko ulikuwa wazi nusu, na nyuma yake, limefichwa haraka kwa gunia, nikaliona dumu la njano la mafuta ya dukani, yale ya kutoka nje ambayo ruksa ilitujazia. Wale mabinti wawili wa mabega walikuwa jikoni wanaosha vyombo. Waliponiona mmoja akalisogeza gunia kwa mguu. Nikamwambia, "Usihangaike, dada, nimeshaliona." Akainama. "Usimwambie mgeni," akasema. "Mama ataaibika. Kaja kutoka mbali na mashine yake."

Tukazungumza hapo hapo, kwa kunong'ona, mikono yao ikiwa majini. Kumbe wao hawakuwa hata wanakikundi. Waliazimwa kutoka vitongoji vya jirani kwa sababu ya nguvu zao, kama vile unavyomchinjia mgeni jogoo na si kuku wa kutaga. Alizeti waliyotukamulia ilikuwa imepepetwa, ikaanikwa, ikapashwa moto jikoni ili ilainike, kazi ya siku nzima kabla hatujafika. Mashine ilikuwa imekirimiwa kama mgeni. Na kama mgeni, walimaliza kuikirimu wakaifunika shuka, kwa kuwa hakuna mama kati yao aliyeiweza. Niwaseme vipi? Leo mimi ni mtu mzima, nimepokea wageni wengi, na nimefanya hivyohivyo: nimemsifia mtu keki iliyoungua, nikala kipande cha pili. Sikuwaona waongo hata siku ile. Niliona tu kwamba wema wao ungetumaliza.

Nilimwambia Kikoti njiani. Nilimwambia yote, dumu, mabinti wa kuazima, alizeti ya kupashwa moto. Akaendesha bila kunitazama. "Hayo ni maneno ya jikoni, Damari," akasema. Nilishtuka zaidi kwa jina kuliko kwa jibu, maana tangu siku ya kwanza hakuwahi kuniita jina langu. "Mbele yangu mimi mwenyewe walikamua. Uliandika kwa mkono wako." Nikasema, "Niliandika walichotuandalia." Akasema wafadhili wamekwisha kupewa habari njema, fundi wa kalibu ameanza kuchonga, na yeye hawezi kusimamisha kazi ya watu kwa sababu ya dumu nyuma ya mlango. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka, mwenye mafundi wa kulisha, anayeiomba dunia imkubalie mara moja tu. Nilimhurumia, wallahi nilimhurumia, lakini niliona pia chuma kinamiminwa na kosa letu linazaliwa mara mia.

Jioni hiyo sikugusa chapati. Bi Zuhura akakaa kwenye kigoda mbele yangu, akasubiri, hakuzoea kusubiri. Nikamsimulia. Akasema, "Ajabu gani sasa? Mgeni mheshimiwa anakosolewa wapi? Hata akija na ndoo iliyotoboka utamwambia maji yanapita vizuri." Nikasema mimi nilimkosoa. "Wewe ni mtani wake, una ruhusa." Nikamwambia nimetumia ruhusa yote na hakusikia. Bi Zuhura akainuka kwenda kugeuza chapati, akasema huku amenipa mgongo, "Kwani Mgogo ni wewe peke yako nchi hii?" Halafu nikala chapati zote, nikaomba nyingine.

Safari yetu ya mwisho kabla ya kumimina ilikuwa Zuzu, karibu tu, magharibi ya mji kwenye reli, na Zuzu ni kwetu Wagogo. Mwenyeji wetu alikuwa Bibi Elina, mjane mkulima, kikundi chake cha akina mama kilikuwa kimeandikishwa kupokea mashine ya kwanza kabisa baada ya kumimina. Kila kitu kilipangwa kama Busi: ua umefagiwa, viti kivulini, kuku anachemka, na pembeni nikamwona binti mmoja mwenye mabega, anajifunga kibwebwe, na ungo wa alizeti unaotoa mvuke. Nikajua tunakirimiwa tena. Mwenyekiti wa kitongoji akasimama kumtambulisha mhandisi mkuu, mgeni wetu mheshimiwa, na ndipo nikasimama mimi, bila kuitwa, nikasema, "Samahani, mwenyekiti, hujamaliza. " Nikawaamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi, mama zangu! Huyu mnayemwita mheshimiwa ni Mhehe. Mhehe wa Iringa, mzima mzima, na Iringa wamemzaa na kumlea."

Kikoti akanigeukia, mdomo wazi. Kisha Bibi Elina akasimama polepole, mkono kifuani. "Mhehe?" akasema. "Mhehe ndiye kakalia kiti changu? Jamani, ficheni mbwa!" Ua ukalipuka. Mtu akamnyang'anya kofia, mtu akamvuta kiti akabaki kachuchumaa hewani, mama mmoja akapiga kelele kuku wao atolewe jikoni arudishiwe manyoya yake. Kikoti, maskini, mwanzoni alishikwa na butwaa, kisha damu ya kwao ikaamka, akaanza kuwajibu, kwamba amekuja kuwasaidia kwa sababu ukimwacha Mgogo peke yake na alizeti ataiombea mafuta. Walimzomea kwa furaha. Na katikati ya kuzomewa kule Bibi Elina akaipiga mashine kofi kama anayempiga ng'ombe mkaidi. "Na hili lidude lako, Mhehe, mpini wake ulimpima nani? Ulimpima twiga?"

Basi milango ikafunguka. Kila mmoja alikuwa na lake, na hakuna aliyeombwa kuwaza kwa sauti. Hii mashine haikamui alizeti, inamkamua mkamuaji. Bakuli liko juu, ukimimina mbegu zinakuingia kifuani. Mafuta yanadondokea chini kabisa, kuku wanakunywa kabla ya watoto. Binti mwenye mabega akasema yeye wala si wa Zuzu, kaletwa tu kuionyesha. Mimi nilikuwa nacheka na kuandika, kucheka na kuandika. Kikoti bado alikuwa anacheka, lakini akasema, kwa utani uliokuwa na ubishi ndani yake, "Ninyi wavivu tu. Mpini unashuka huo." Bibi Elina akasema, "Eti eeh? Njoo." Wakamfunga kanga kiunoni juu ya suruali. Wakamfunga nyingine kifuani, na mgongoni wakambebesha kifurushi cha mashudu, wakamwambia huyo ni mtoto na ana homa, usimwamshe. Na alizeti ya moto wakaiweka kando, wakamletea ya ghalani, ngumu kama ilivyo. "Haya, mama Mhehe," akasema Bibi Elina. "Tupatie mafuta ya kuungia mboga."

Akapandisha mpini. Mikono ilipokwenda juu kanga ya kifua ikaachia, akaidaka kwa kiwiko. Akavuta chini; mpini ukakaa. Akaning'inia nao, kifurushi kikateleza hadi ubavuni, akanyoosha mkono kukidaka, mpini ukaruka juu ukamwachia. Akina mama wanalia kwa kicheko, "Mtoto! Mtoto kaanguka!" Akajaribu tena. Na tena. Mimi nimekaa kitini. Akanigeukia, jasho linamtoka, nikaona anataka niinuke. Sikuinuka. Nikamwambia, "Usisaidie, usiseme, tazama tu, Mhehe. Amri zako hizo." Akabaki kashika mpini ule mrefu, kanga imemning'inia, na kicheko chake kikaisha taratibu. Akautazama mpini kutoka chini hadi ncha. Kisha akawatazama wale akina mama mmoja mmoja, vimo vyao, mikono yao, watoto wao wa kweli mgongoni, kama mtu aliyewaona leo. Bibi Elina naye aliacha kucheka. Akamfungua kile kifurushi mgongoni kwa upole, akakiweka chini, akamwambia, "Si mbaya, mwanangu. Ni ndefu tu." Kikoti akasema, "Asante, bibi." Akaketi chini kwenye vumbi, akachukua kijiti, akaanza kuchora mashine upya, na akina mama wakamzunguka, wanafuta kwa viganja na kuchora juu ya mchoro wake. Kuku alikuja akaliwa amepoa. Hakuna aliyejali.

Kumimina kuliahirishwa. Aliwaandikia wafadhili mwenyewe, na walikasirika, kisha wakapoa. Mashine iliyotoka ilikuwa fupi, mpini unaishia kifuani, mtu anakamua ameketi kwenye ubao, na mafuta yanadondokea kwenye chombo kilichoinuliwa kuku wasikifikie. Ya kwanza ilikwenda Zuzu. Nyingine ilikwenda Busi, na Mama Salimu akatupokea kwa kuku wa kuungwa, nikanusa kabla sijakaa: mbegu na jua. Nilimkumbatia yule mama mpaka akashangaa. Si kwamba tulitajirika. Mafuta ya nje yaliendelea kuja kwa bei ya chini, na miaka mingi baadaye karakana ikawa duka la vifaa vya ujenzi. Lakini mafundi wale walisomesha watoto kwa ile mashine fupi. Na kuanzia hapo tulipofika kijiji chochote, kabla ya kushusha mashine, Kikoti aliuliza swali moja: "Hapa nani ana ruhusa ya kumcheka nani?" Penye watani tuliwatafuta watani. Pasipo nao tuliwakalisha mabibi na wajukuu wao, au shemeji na shemeji, tukangoja ukweli uje wenyewe. Nimefanya kazi ile miaka mingi, hata na vijana wa leo wenye simu zao na vioo vyao vya kugusa, na sijapata sharti lililo bora kuliko hilo.

Mara ya mwisho kumwona hai alikuwa kitandani, anajaribu kushika kikombe cha uji. Nikainuka. Akasema, "Kaa, Mgogo. Tazama tu." Nikakaa. Alichukua muda mrefu, uji ukamwagika nusu, lakini alikunywa. Kisha akasema, "Mpini wa kikombe hiki ni mdogo. Waandikie." Nilimwambia nitawaandikia kwamba tatizo ni Mhehe. Alicheka mpaka Anitha akaja kuangalia.

Siku ya mazishi nyumba ya Makole ilijaa. Walisoma wasifu, na haukuwa mfupi hata kidogo. Kila aliyesimama alimsifu, mhandisi mahiri, baba wa wengi, mtu asiyekosea. Nilisikia akikirimiwa hivyo nikaona wanamfunika shuka nyeupe. Vijana walipoliinua jeneza kulitoa nje, nikaenda nikasimama katikati ya mlango, mikono nimeitanua. "Wekeni chini," nikasema. "Nani kaijaribu hii mipini? Mmemfungia mipini ya sungura! Huyu ni Mhehe aliyewatengenezea mama zangu mpini wa twiga, akakataa kusikia mpaka tukamvika kanga na mtoto mgongoni. Alikosea, huyu, alikosea vibaya, na akakaa chini kwenye vumbi akajifunza. Hilo mbona hamkulisoma?" Kwanza watu walishtuka. Kisha wazee waliojua wakaanza kucheka, na mafundi wa zamani, wazee sasa, wakacheka huku wanafuta macho. Nikaendelea, nikamwambia jeneza kwamba leo mbwa wa Makole watalala kwa amani. Halafu nikanyamaza.

Nikanyamaza kwa sababu ilikuwa zamu yake. Mtani ukimrushia, unangoja. Miaka yote ile nilirusha nikangoja, na jibu halikuwahi kuchelewa. Nilisimama pale mlangoni nimeukodolea ule ubao, na kila mtu amenikodolea mimi, na pakawa kimya, na ndipo nilipojua kweli kwamba Kikoti amekufa.

"Ondoka njiani, Mgogo, kazi ipite." Ilikuwa sauti ya Anitha. Alikuwa nyuma ya jeneza, uso umelowa, kaushika mpini mmojawapo pamoja na vijana, na kidevu chake alikiinua vilevile kama baba yake. "Huku hatugawi."

Nikaondoka njiani.